AMANULLAH KHAN: MFALME ALIYEACHA KITI MARA MBILI



Natumai saumu inakwenda vyema. Kama unasoma haya katika ile saa nzito baina ya alasiri na maghribi, ambapo macho yote yako kwenye saa ya ukutani, basi keti kidogo nikupe kisa cha kukupitishia wakati. Leo si kisa cha Mtume wala cha sahaba. Ni kisa cha mfalme wa Kiislamu wa karne iliyopita, kijana aliyepigana na Waingereza akapata uhuru wa nchi yake, akapendwa na Waislamu wa nchi nyingi, na miaka kumi baadaye akakimbia mji wake ndani ya gari, wakati wa baridi kali, bila ya kiti.

Jina lake ni Amanullah Khan, mfalme wa Afghanistan. Wako wanaomtaja kama shujaa aliyewahi mno zama zake. Wako wanaomtaja kama mtu aliyeuza dini kwa Wazungu. Mimi nimesoma pande zote mbili, na naona kila upande umeshika kipande na kuacha kingine. Kwa hivyo nakuomba usimhukumu mapema. Twende pamoja tangu mwanzo, halafu mwisho utapima mwenyewe.

KIJANA ALIYESHIKA HAZINA

Amanullah alizaliwa mwaka 1892 huko Paghman, mji mdogo wa milimani karibu na Kabul. Baba yake, Amir Habibullah Khan, ndiye aliyekuwa akitawala. Amanullah hakuwa mtoto wa kwanza. Alikuwa na kaka zake wakubwa, mmoja wao akiitwa Inayatullah. Likumbuke jina hilo, maana atarudi huko mbele.

Usiku wa tarehe 20 Februari 1919, Amir Habibullah alipigwa risasi akiwa amelala hemani, katika safari ya kuwinda huko Laghman. Mara moja ndugu yake, Nasrullah, akajitangaza mtawala akiwa Jalalabad, na Inayatullah akampa bay'a ami yake. Lakini Amanullah alikuwa Kabul. Na Kabul ndiko kulikokuwa na hazina, silaha na jeshi. Akawaita askari, akawaahidi nyongeza ya mshahara na akawaambia kwamba atalipiza damu ya baba yake. Askari wakaja upande wake. Ami yake hakuwa na la kufanya ila kusalimu amri. Alifungwa, na akafia gerezani.

Simama hapa kidogo, ndugu yangu. Kiti hiki hakikupatikana kwa upole. Na jambo la pili: aliyempa kiti ni askari mwenye kuahidiwa mshahara mzuri. Liweke hili akilini, tutalihitaji.

VITA VILIVYOMPA JINA

Wakati huo Afghanistan ilikuwa na amir wake, lakini haikuwa huru kamili. Tangu mkataba wa mwaka 1879, mambo yake yote na nchi za nje yalikuwa mikononi mwa Waingereza waliokuwa wakitawala India. Yaani Amir hakuweza hata kupeleka balozi katika nchi jirani bila ya kupitia kwao. Amanullah alipokalia kiti, jambo la kwanza alilotangaza ni kwamba nchi yake iko huru, ndani na nje.

Mwezi Mei 1919 vita vikaanza. Majeshi yake yakavuka mpaka upande wa Khyber, na kamanda wake mmoja, Nadir Khan, akaishambulia ngome ya Thal. Waingereza nao wakatumia ndege; zikarusha mabomu Jalalabad na hata Kabul kwenyewe. Vita havikuzidi mwezi mmoja. Uwanjani hakuna aliyemshinda mwenziwe kabisa, lakini Uingereza ilikuwa imechoka kwa ile Vita Kuu iliyokuwa imemalizika mwaka uliopita. Tarehe 8 Agosti 1919 mkataba ukatiwa saini Rawalpindi, na Afghanistan ikawa mwenyewe wa mambo yake. Hadi leo Waafghani huadhimisha uhuru wao tarehe 19 Agosti.

Fikiria mwaka huo ulivyokuwa kwa Waislamu. Dola ya Uthmania imeshindwa vitani, na Istanbul imeingiliwa na majeshi ya kigeni. Halafu anatokea kijana wa miaka 26 anayemkabili Mwingereza na kurudi na uhuru! Watu wakamwita Ghazi. Mwaka 1920 Waislamu wa India kwa maelfu waliuza mashamba na nyumba zao, wakafunga mizigo wakahamia Afghanistan wakiiita safari yao Hijra. Wakawa wengi mpaka nchi maskini ile ikashindwa kuwabeba, na mfalme akalazimika kufunga mlango. Wengi walirudi India mikono mitupu, na wengine walifia njiani.

Mapenzi ya watu yalikuwa makubwa kiasi hicho. Na mapenzi, ndugu msomaji, ni kama maji kwenye kata: hayakai kama mwenye kuibeba anakimbia.

MEMA ALIYOYAFANYA

Tuwe waadilifu. Amanullah hakukaa akila raha. Mwaka 1923 alitoa katiba ya kwanza ya nchi hiyo. Ndani yake utumwa ulipigwa marufuku, na watumwa waliokuwa majumbani, wengi wao wa kabila la Hazara, wakaachwa huru. Akafungua shule kwa msaada wa Wafaransa na Wajerumani. Akapeleka vijana kusoma ng'ambo. Shule ya wasichana ilifunguliwa Kabul mwaka 1921, na mkewe, Malkia Soraya, alikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo.

Soraya alikuwa binti wa Mahmud Tarzi, mwandishi na mwenye gazeti, mtu aliyeishi miaka mingi Damascus katika dola ya Uthmania. Tarzi ndiye aliyemfunza Amanullah kwamba Waislamu wamebaki nyuma kwa kuacha elimu. Je, hilo ni kosa? Hata kidogo. Sisi tuliopita madrasa tunajua kutafuta elimu ni faradhi juu ya kila Muislamu, mwanamume na mwanamke.

Lakini mageuzi yanataka pesa. Kodi zilizokuwa zikilipwa kwa mazao na mifugo zikageuzwa kuwa za pesa taslimu. Mkulima wa bondeni aliyekuwa akitoa ngano sasa alitakiwa atoe sarafu asiyokuwa nayo. Vijana wakaanza kuandikishwa jeshini kwa nguvu. Na lile jeshi lenyewe, lililompa kiti kwa ahadi ya mshahara, likapunguziwa mshahara.

Mwaka 1924 watu wa Khost, kusini, wakaasi. Wakiongozwa na mulla mmoja, walilalamikia kodi, uandikishaji wa jeshi na sheria mpya za ndoa. Ilichukua serikali karibu mwaka mzima kuuzima moto huo. Mfalme akalegeza baadhi ya sheria, mambo yakatulia. Ile ilikuwa kengele. Kengele ililia, akaisikia, lakini baada ya muda akasahau sauti yake.

SAFARI NDEFU

Mwezi Disemba 1927 Amanullah alifunga safari na malkia wake. Walipita India, Misri, Italia, Ufaransa, Ubelgiji, Ujerumani, Uingereza, Poland, Urusi ya Kisovieti, Uturuki na Iran. Zaidi ya nusu mwaka mfalme hayuko nyumbani! Kila alikofika alipigiwa mizinga na kuandaliwa karamu. Aliona viwanda, reli, ndege na vyuo. Italia, Mfalme Victor Emmanuel wa Tatu alimpa nishani kubwa kabisa ya ufalme wake, ambayo mwenye kuivaa huhesabiwa kama jamaa wa mfalme. Nishani hiyo nayo tutairudia.

Inaelezwa kwamba Mustafa Kemal wa Uturuki, ambaye mwenyewe alikuwa akibadilisha nchi yake kwa kasi, alimnasihi asianze mambo makubwa kabla ya kuwa na jeshi imara. Nasaha hiyo haikuingia.

Huku nyuma, picha za Malkia Soraya akiwa Ulaya, uso wazi na mabega wazi, zilikuwa zikipita mkono kwa mkono vijijini kwenye makabila ya mpakani. Nani alizisambaza? Waafghani wengi hadi leo wanasema ni Waingereza. Kilichozidisha shaka ni kuwa yule jasusi maarufu wa vita vya Uarabuni, Lawrence, alikuwa kambini Miranshah karibu na mpaka kwa jina jingine, kama askari wa kawaida wa jeshi la anga. Uvumi ulipozidi, Waingereza wakamrudisha kwao Januari 1929. Ushahidi wa wazi kwamba wao ndio waliowasha moto haukupatikana. Na hata kama mtu alileta kiberiti, kuni kavu zilikuwa zishapangwa na mwenye nyumba.

SUTI ZA PAGHMAN

Amanullah alirudi Julai 1928, moyo unamwenda mbio. Mwezi Agosti aliita Loya Jirga, yaani baraza kuu la wazee, huko Paghman. Wakaja wajumbe kama elfu moja: wazee wa makabila, masheikh, watu wa milimani. Walipofika wakapewa amri ya kuvua majoho na vilemba vyao na kuvaa makoti meusi, suruali na kofia za Kizungu. Hebu mpige picha mzee wako wa mtaani, imamu wa miaka sabini, umemwita mkutanoni halafu mlangoni unampa suti na kofia asiyoijua, ati avae ndipo aingie. Hata kama una la maana la kusema, ameshaondoka moyoni kabla hujafungua mdomo.

Baadaye mambo yakazidi. Watu wa Kabul wakaamrishwa kuvaa Kizungu katika sehemu fulani za mji. Siku ya mapumziko ikaondolewa Ijumaa ikapelekwa Alhamisi. Wasichana kadhaa wakapelekwa kusoma Uturuki. Mwezi Oktoba, mbele ya mkutano, Malkia Soraya akaondoa nikabu yake hadharani.

Maulamaa wakapinga. Ukoo wa Mujaddidi, masheikh wakubwa wa Kabul ambao mwaka 1919 walikuwa pamoja na mfalme katika jihad, sasa walizunguka na waraka wenye saini zipatazo 400 za wanavyuoni. Jawabu la mfalme lilikuwa kuwakamata. Baadhi yao walifungwa, na kadhi mmoja mashuhuri akauawa.

Hapa ndipo ninapotaka utulie, ndugu yangu. Orodha yake ilichanganya mambo ya namna tatu. Yako yaliyokuwa haki tupu, kama kuacha watumwa huru na kusomesha watoto. Yako yaliyokuwa mitindo tu, kama koti na kofia, ambayo hayamjengi mtu wala hayamvunji. Na yako yaliyogusa dini yenyewe. Yeye akayafunga yote furushi moja na kuwaambia watu walichukue zima. Nao wakalitupa zima. Hata shule zikaenda na maji. Hiyo ndiyo hasara kubwa, kwani msichana wa Kabul aliyekuwa darasani hakuwa na habari ya kofia.

MOTO WA NOVEMBA

Novemba 1928 kabila la Shinwari, mashariki karibu na Jalalabad, likaasi. Wakaingia Jalalabad na kuichoma kasri ya mfalme. Amanullah akapeleka jeshi huko, na Kabul ikabaki bila ya ulinzi wa kutosha.

Upande wa kaskazini akatokea Habibullah Kalakani, Mtajiki aliyewahi kuwa askari. Watu wa mji walimwita kwa dharau mtoto wa mchota maji. Serikali ilimhesabu jambazi. Wengi wa kijijini kwake walimwona mtetezi. Katikati ya Disemba alishuka na watu wake hadi viungani mwa Kabul. Siku kadhaa risasi zililia, na mfalme akampeleka malkia na watoto Kandahar kwa ndege. Waingereza wakaanza kuwatoa wageni mjini kwa ndege. Hadi mwisho wa Februari walikuwa wameshawatoa watu 586, moja ya kazi za mwanzo za namna hiyo duniani.

Kalakani alijeruhiwa akarudi nyuma, lakini hakwenda mbali. Amanullah sasa akaanza kufuta amri zake moja baada ya nyingine. Mavazi, yamefutwa. Wasichana walioko Uturuki, warudishwe. Maulamaa, wapewe nafasi yao. Lakini ilikuwa kama mtu anayerudisha ndoo kisimani nyumba imeshateketea. Askari wake wakawa wanatoroka au kukaa kando. Kwa nini wafe? Mshahara wenyewe uko wapi?

TAREHE 14 JANUARI

Asubuhi ya tarehe 14 Januari 1929, Amanullah alimwita kaka yake, yuleyule Inayatullah, akamkabidhi ufalme ambao ndugu huyo hakuutaka. Katika waraka wake wa kuacha kiti aliandika maneno mazito, ambayo nakupa maana yake tu: kwamba damu inayomwagika nchini inatokana na watu kumchukia yeye, na kwa hivyo maslahi ya nchi yanataka yeye aondoke. Kisha akapanda gari na kushika njia ya Kandahar katika theluji.

Inayatullah alikaa siku tatu tu. Kalakani akaingia Kabul, na mfalme huyo wa siku tatu akatolewa kwa ndege ya Waingereza hadi Peshawar.

Kama kisa kingeishia hapo, ningesema Amanullah alikimbia kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Lakini hakikuishia hapo.

RAMADHAN YA KANDAHAR

Alipofika Kandahar, nchi ya ukoo wake, nafsi ilirudi. Siku chache tu akatangaza kwamba amefuta kujiuzulu kwake na yeye bado ni mfalme. Mwezi Februari ukaandama mwezi wa Ramadhan, mwaka 1347 Hijria. Ramadhan kama hii yetu, ila yeye aliipitisha akihesabu bunduki na kuwabembeleza wazee wa makabila. Wanahistoria wanasimulia kwamba aliitoa hadharani ile joho inayohifadhiwa Kandahar, ambayo Waafghani wanaiamini kuwa ni ya Mtume (s.a.w.), ili kuwaonyesha watu kwamba yeye hajatoka katika Uislamu. Tazama dunia, ndugu yangu! Yule Ghazi wa mwaka 1919 sasa anatafuta shahidi wa imani yake.

Baada ya Idi akatoka na jeshi kuelekea Ghazni, njia ya Kabul. Makabila ya Ghilzai yakamkabili. Sasa haikuwa tena vita vya mfalme na Kalakani. Ilikuwa inageuka Durrani kwa Ghilzai, kabila kwa kabila, Waislamu kwa Waislamu, vita ambavyo vingeweza kudumu kizazi kizima. Alikuwa bado na watu. Angeweza kuendelea kuwasukuma mbele.

Akarudi nyuma. Tarehe 23 Mei 1929 alivuka mpaka kule Chaman na kuingia India ya Waingereza, walewale aliopigana nao miaka kumi kabla. Hii ndiyo mara ya pili, na kwangu mimi ndiyo kubwa zaidi. Mara ya kwanza alisukumwa na risasi zilizokuwa mlangoni. Mara ya pili, mwenyewe aliona njia aliyoishika inapeleka wapi, akageuza gari.

Malkia Soraya alikuwa mja mzito. Mwezi Juni alijifungua binti mjini Bombay, na wakampa jina India, nchi aliyozaliwa njiani. Kisha wakapanda meli kwenda Italia. Unaikumbuka ile nishani? Kumbe ndiyo iliyokuwa ya manufaa kuliko zawadi zote za safari ile. Mfalme wa Italia alimpokea kama jamaa.

WALIOBAKI NA KITI

Hebu sasa tuwatazame waliokipata kiti. Kalakani alitawala miezi tisa. Oktoba 1929 Nadir Khan, yule kamanda wa Thal, akaiteka Kabul. Wengi walidhani atamrudishia Amanullah kiti chake, lakini alikikalia mwenyewe. Tarehe 1 Novemba Kalakani akauawa. Miaka minne baadaye, Novemba 1933, Nadir naye akapigwa risasi na mwanafunzi. Mwanawe, Zahir Shah, alipinduliwa mwaka 1973 akiwa Italia, akabaki kuishi Roma, mji uleule wa uhamisho.

Amanullah yeye aliishi zaidi ya miaka 30 uhamishoni. Alifariki Aprili 1960 mjini Zurich, Uswisi. Maiti yake ilirudishwa Afghanistan na kuzikwa Jalalabad, kando ya baba yake. Jalalabad! Mji ambao kasri yake ilichomwa moto. Soraya alifariki mwaka 1968, naye akaletwa kuzikwa hapohapo.

TUCHUKUE NINI?

Ndugu msomaji, katika madrasa tulisoma habari za Sayyidna Hassan bin Ali (r.a.), aliyeacha ukhalifa mwaka 41 Hijria ili damu ya Waislamu isimwagike, naye bado ana jeshi nyuma yake. Simlinganishi Amanullah na mjukuu wa Mtume, hasha. Lakini kipimo ni kilekile: si unakaaje katika kiti, bali unafanya nini siku kiti chako kinapoanza kula watu.

Naona Amanullah alikosea katika kuongoza na akapatia katika kuondoka. Alikosea kwa sababu aliwapenda watu wake bila ya kuwasikiliza. Alitaka kuwavusha mto, lakini hakungoja washike mkono. Nasi vijana tuliosoma kidogo tuna ugonjwa huohuo. Tunarudi mtaani na vyeti vyetu, tunawaona wazee wamelala, tunataka kubadilisha kila kitu msikitini katika wiki moja, na wakikataa tunawaita wajinga. Tujiulize: tunawapenda, au tunapenda kuonekana tunajua?

Na alipatia kwa sababu alipofika Ghazni aliona kwamba jina la mfalme halina thamani ya roho za watu maskini. Wafalme wengi hawakuliona hilo hadi mwisho. Na wewe huenda huna ufalme, lakini una kitu unachokishikilia: uenyekiti wa chama, ugomvi wa urithi, neno ambalo hutaki kulirudisha nyuma. Ramadhan hii kiangalie tena. Kama kinawatenga ndugu, kiache. Na ukikiacha ukakirudia, kama alivyofanya yeye, usikate tamaa. Kiache mara ya pili.

Wallahu aalam. Allah azikubali saumu zetu na atuunganishe nyoyo. Haya, adhana hiyo. Usinisahau katika dua yako ya futari.